Ushauri: Kufuatilia Mariners msimu mzima nikiwa Dar bila kukesha kila siku

Mdau_Kinondoni
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa wanaofuatilia besiboli ya Marekani. Timu ni Seattle Mariners, niko Dar, kazini natakiwa saa 2 asubuhi. Mechi ni 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu sita kila wiki. Kuzitazama zote haiwezekani, kusoma matokeo tu hakuna utamu. Nichague zipi, bando nilitumieje, na msimamo wa ligi unasomwaje wakati hauna pointi? Pia nataka kujifunza kuandika mechi kwenye daftari.

AlfajiriSafi
Mkuu, umeangukia timu nzuri kwa mtu wa Afrika Mashariki. Wa kuhurumiwa ni mashabiki wa New York na Boston.

Msimu mzima wa kawaida Marekani wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo tofauti haibadiliki: Seattle tumewatangulia saa 10, Texas saa 8, New York saa 7. Mechi ya nyumbani katikati ya wiki mara nyingi huanza saa 12:40 jioni kwao, yaani saa 10:40 alfajiri Dar. Mchezo siku hizi unachukua saa mbili na dakika 40 hivi tangu ilipowekwa saa ya mrushaji (sekunde chache za kurusha kila mpira) mwaka 2023, kwa hiyo ukilala saa 3 usiku unaamka nao, na iningi za mwisho (iningi ni vipindi vya mchezo, viko tisa) unazisikiliza kwenye daladala. Jumapili wakianza saa 7:10 mchana kwao, huku ni saa 5:10 usiku.

Balaa ni safari za mashariki. Saa 1:05 usiku ya New York ni saa 8:05 usiku kwetu: umechelewa kulala na ni mapema mno kuamka. Hizo usijitese, tazama marudio. Isipokuwa Jumapili: mechi ya saa 7:35 mchana kule inakujia saa 2:35 usiku, ukiwa umeshakula.

Kosa linalowaumbua wengi ni tarehe. Mechi ya "Jumanne" Seattle, kwetu ni Jumatano alfajiri. Na ukiona ratiba yenye herufi ET, hizo ni saa za New York hata kama mechi iko Seattle.

BandoLaUsiku
Upande wa bando, piga hesabu hivi. Video ya megabiti 3 kwa sekunde inakula kama GB 1.35 kwa saa, mechi nzima inakaribia GB 3.6. Sauti ya redio ya kilobiti 64 inakula kama MB 29 kwa saa, mechi nzima haifiki MB 80. Muhtasari wa dakika 10 hivi, ule unaoondoa muda wa kusubiri, ni kama MB 225 kwa ubora uleule wa video.

Kwa hiyo: video mara moja au mbili kwa wiki, redio siku za kawaida, muhtasari kwa zilizochezwa usiku mkubwa. Usiidharau redio. Besiboli ina nafasi kati ya mpira na mpira, mtangazaji anakueleza wapi kila mtu amesimama. Ukiwa na daftari mkononi, redio inatosha kabisa.

Ukitaka marudio bila kujua matokeo, kwenye programu ya ligi washa kipengele cha kuficha matokeo, KISHA zima arifa kwenye simu yenyewe. Watu wanafanya la kwanza wanasahau la pili, saa 1 asubuhi simu inawaambia kila kitu. Na usipitie YouTube kutafuta muhtasari: picha ya juu tu utaona nani anarukaruka.

Mukwano256
Hamia Dodgers wa Los Angeles ndugu. Mwaka 2022 walisaini vijana wawili wa Uganda, sisi Waganda tuna sababu 😂

Besi_ya_Tatu
Mukwano acha uchokozi, mtu kaomba ushauri wa timu yake.

Mdau, usichague mechi kwa jina la mpinzani kama unavyongoja Simba na Yanga. Chagua kwa mrushaji. Timu ina warushaji watano wa kuanza wanaopokezana, kila mmoja hurudi baada ya siku tano au sita, na asipoumia huanza mechi 30 na kitu kwa msimu. Shika mmoja. Msimu wa 2025 walikuwa na Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Luis Castillo na Bryce Miller, na kila mmoja ana tabia yake. Kirby, kwa mfano, sifa yake ni kutogawa boli nne za bure (mirusho minne mibovu inayompeleka mpigaji besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza, bila jasho). Ukimfuata mtu mmoja unaanza kuona mwenyewe siku ambayo mpira wake hauendi anakotaka, kabla mtangazaji hajasema. Majina ya wanaotarajiwa kuanza hutangazwa siku chache kabla, ila yahakiki jioni ya siku yenyewe. Mvua ikiahirisha mechi ugenini, foleni yote inasogea. Nyumbani hilo ni nadra, T-Mobile Park ina paa la kufungwa.

Ongeza mechi za wapinzani wa kundi lao: Astros, Rangers, Angels na Athletics, 13 kwa kila timu. Siku hizi timu zikilingana hakuna mechi ya ziada ya kuamua, inaangaliwa kwanza nani alimshinda mwenzake mara nyingi zaidi. Ukishika mechi 7 kati ya 13 dhidi ya Astros, ni kama una ushindi mmoja mfukoni.

Msimamo sasa. Chukua tofauti ya ushindi, jumlisha tofauti ya vipigo, gawa kwa mbili. Timu A 80-62 (ushindi 80, vipigo 62), timu B 77-63: (3 + 1) ÷ 2, B yuko nyuma mechi 2. Septemba utakutana na namba ya kufunga hesabu, ikifika sifuri kiongozi hakamatiki tena: 163, toa ushindi wa kiongozi, toa vipigo vya anayemfuata. Hapo ni 163 − 80 − 63 = 20. Kila A akishinda au B akipoteza inapungua moja. Kama A amemshinda B mara nyingi zaidi kwenye mechi zao wenyewe, anza na 162.

Aprili msimamo usikunyime raha, na usikupe jeuri pia. Mariners wa 2001 walishinda mechi 116, wakatolewa na Yankees 4-1 kwenye fainali ya ligi yao ya American. Wa 2025 walishinda 90 tu, wakafika hatua ileile hadi mechi ya saba na Toronto.

Halafu wapigaji wa Seattle usiwapime kwa wastani wa kupiga peke yake. Uwanja ule una hewa ya baridi ya baharini, mipira mingi inafia kwenye glavu nje kule. Tumia takwimu zilizorekebishwa kwa uwanja, ambapo 100 ndiyo kawaida ya ligi. Ndiyo maana homrani 60 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) za Cal Raleigh mwaka 2025, tena akiwa mdakaji (anayepokea mirusho nyuma ya mpigaji), ziliwashangaza hata wasio mashabiki wake.

Daftari643
Daftari niachieni mimi. Nunua la hesabu, lenye miraba mikubwa. Kurasa mbili kwa mechi, moja kwa kila timu. Mistari 9 ya wapigaji, na chini ya kila jina acha mstari mtupu wa atakayeingia badala yake. Safu chora 12, siyo 9: iningi za nyongeza zipo, na pia wapigaji wote tisa wakipita ndani ya iningi moja unavuka safu ya jirani.

Namba ni za nafasi, hazihusiani na jezi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 ya pili, 5 ya tatu, 6 shotistopu, 7 kushoto, 8 katikati, 9 kulia. Mpira wa chini kwa shotistopu, akarusha besi ya kwanza: 6-3. Wa juu kwa katikati: F8. Straiki tatu (mpigaji anatolewa) ni K, na akitoka bila kupunga gongo, K igeuze nyuma. Boli nne ni BB. Auti (mtu kutolewa) mbili kwa mpigo, shotistopu kwa besi ya pili kwa besi ya kwanza: 6-4-3. Kona ya mraba andika namba ya auti uizungushie duara, vinginevyo utapotea iningi ya tatu.

Mwisho kagua. Idadi ya waliosimama kupiga lazima iwe sawa na pointi + waliobaki kwenye besi + auti. Iningi za nyongeza zinavuruga kwa sababu mkimbiaji anawekwa besi ya pili bila kupiga, kwa hiyo upande wa wapigaji ongeza 1 kwa kila mkimbiaji wa namna hiyo.

Mdau_Kinondoni
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu na marudio ya mechi moja, iningi 9. Wapigaji 38, pointi 4, waliobaki 6, auti 27. Inakuja 37. Mmoja kaenda wapi?

Daftari643
Tafuta iningi ambayo kulikuwa na mtu besi ya kwanza, mpira ukapigwa chini, akatolewa yule wa mbele kwenye besi ya pili kwa 6-4 au 4-6. Nahisi mraba wa mpigaji umeufunga kwa sababu mpira wake ndio ulizaa auti. Kumbe yeye kafika salama besi ya kwanza, na iningi ikaishia akiwa palepale. Auti ni ya mkimbiaji, iandike kwenye mraba wa mkimbiaji. Huyu mpe FC (walinzi walichagua kumtoa mwingine), mchoree mstari hadi besi ya kwanza, umhesabu kwa waliobaki.

Mdau_Kinondoni
Iningi ya 6. Ndiye huyo huyo.