Mjadala: Anayefanyia kazi mgahawani awekewe muda wa kukaa?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wadau, mgahawa mmoja wa kahawa ninaoufahamu hapa mjini umebandika tangazo: kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, hakuna kompyuta mezani. Wateja wamegawanyika. Wapo wanaosema mtu akishanunua kikombe chake aachwe, na wapo wanaosema tangazo limechelewa.

Mimi naishi kwa kazi za mtandaoni, kutafsiri na kuandika maneno ya chini ya video, na meza za kahawa ndiyo ofisi yangu. Pamoja na hayo nasema mwenye mgahawa ana haki ya kuweka muda. Ninachodai ni kimoja: sheria iandikwe ukutani, na imguse kila anayeingia.

Tuseme mgahawa una meza kumi. Saa za chakula cha mchana, meza moja inaweza kupokea watu wawili watatu kwa zamu. Meza nne zikishikwa na sisi wa kompyuta, kila mmoja na kapuchino iliyopoa tangu asubuhi, wenye njaa wanachungulia mlangoni na kuondoka. Kodi ya fremu haipungui kwa sababu hiyo, wala LUKU. Halafu kuna mhudumu aliyepangiwa meza hizo nne. Mwenzake wa upande wa pili anaondoka na bakshishi, yeye anarudi nyumbani na nauli tu. Huyu hatumtaji kabisa tunapolalamika kwamba tunafukuzwa.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Januari 2025 Starbucks walitangaza kwamba kwenye maduka yao ya Amerika Kaskazini anayekaa lazima awe amenunua kitu, wakafuta utaratibu wa tangu 2018 uliomruhusu yeyote kuingia na kukaa. Agosti mwaka huohuo, Starbucks ya Korea Kusini ikakataza kompyuta za mezani na printa, maana watu walikuwa wanahamishia ofisi nzima pale.

Sasa linaloniuma. Nimeona zaidi ya mahali pamoja kijana wa Kitanzania anaulizwa "utaongeza nini?" kila baada ya muda mfupi, wakati meza ya pili mgeni wa Kizungu amekaa tangu asubuhi na chupa moja ya maji na hakuna anayemsogelea. Muda usipoandikwa, unapimwa kwa sura ya mtu. Ndiyo maana nataka tangazo liwepo, tena kwa maandishi makubwa.

Karibuni.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, mimi ni mwenye mgahawa, niseme ya upande wetu. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, watu walijaa kwangu kwa sababu ya jenereta. Dizeli nilinunua mimi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikazorota nchini, wateja walinijia juu kana kwamba nimezikata mimi. Baada ya hapo nikaongeza laini ya pili ya intaneti, na bili yake nailipa kila mwezi hata mvua ikinyesha na meza zikabaki tupu.

Utaratibu wangu sasa: nenosiri la waifai linatoka na risiti na linakaa saa mbili. Likiisha, unaagiza kingine, hata chai, unapata jipya. Hakuna anayefukuzwa na hakuna mhudumu anayelazimika kumkodolea mtu macho. Ugomvi umepungua sana. Kilichobaki ni wanaofanya mikutano ya video kwa sauti bila kuvaa visikilizio, hao wanafukuza wateja kuliko bei zangu.

Kuhusu wageni umesema kweli. Mhudumu anaogopa Kiingereza, halafu anatumaini bakshishi nono. Kosa ni letu wenye migahawa, tunawaacha vijana waamue wenyewe pale ambapo sisi ndio tulipaswa kuamua.

Mchangiaji, Nairobi

Napinga, kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba tunakuja mkahawani kwa starehe. Mimi nanakili sauti za mikutano na mahojiano kwa wateja wa Marekani. Naishi chumba kimoja na mdogo wangu na mtoto wangu, jirani ana spika kubwa, na stima ikipotea haina saa ya kurudi. Dawati kwenye ofisi za kushirikiana linagharimu pesa ambazo singeweza kulipa na bado nikabaki na kodi ya nyumba. Kikombe cha kahawa nakimudu. Na kama mwanamke, pale kuna askari mlangoni, kuna taa, kuna choo safi. Hivyo navyo ni vifaa vya kazi.

Mtasema niende maktaba. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk zimependeza, na ninajivunia kwamba ziko Eastlands. Lakini hesabuni saa. Saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni kwetu, na wakati wao wa baridi inakuwa saa kumi na moja. Mteja wangu anafungua kompyuta wakati maktaba inafunga milango.

Zamani kidogo tulikuwa na mahali. Kituo cha vijana wa teknolojia cha iHub kilipoanzishwa mwaka 2010 kule Ngong Road, kijana aliyekubaliwa uanachama aliketi na kutumia intaneti bila ada. Leo serikali yetu imeunda kibali cha Class N kwa wageni wanaofanya kazi kwa mbali, Rais Ruto mwenyewe alikitangaza Oktoba 2024. Sikatai wageni waje. Nauliza tu: mwenyeji anayefanya kazi ileile ametengewa kiti wapi? Kabla ya kunipimia saa kwenye kahawa, nijibiwe hilo.

Mchangiaji, Mwanza

Kama hutaki watu wakae, usiandike "waifai bure" mlangoni. Umeniita kwa waifai, nimekuja kwa waifai.

Mchangiaji, Unguja

Asalaam aleikum. Nasikia kila mara hoja kwamba kukaa kutwa kwenye kahawa ni desturi yetu. Ni kweli, nenda kwenye baraza za kahawa za Jaws Corner hapa Mji Mkongwe, kikombe kidogo cha kahawa kinakukalisha hata magazeti yote yaishe kusomwa, na hakuna wa kukuuliza. Lakini tazameni umekaa juu ya nini. Baraza ni ya mtaa, waliijenga wenye nyumba zamani, na muuza kahawa na mdele wake halipi kodi ya mahali pale. Ndiyo maana hana haraka na wewe. Mkahawa wenye kiyoyozi si baraza, na si haki kumtaka mtu mmoja abebe kwa mfuko wake kilichokuwa kinabebwa na mtaa mzima.

Mleta mada

Dada wa Nairobi, hoja yako ya saa ni nzito na sijaisikia ikitajwa huku kwetu. Msimamo wangu kuhusu mgahawa uko palepale: taabu yako na yangu ni ya kweli, ila mwenye mgahawa hakuisababisha, na mhudumu wake ndiye wa mwisho anayepaswa kuilipia. Utaratibu wa risiti wa ndugu yetu wa Arusha naukubali kuliko hata tangazo nililolitaja, kwa sababu risiti haitazami sura. Nawe wa Mwanza, una haki: anayetangaza bure bila kutaja muda amejifunga mwenyewe.

Baraza ya Unguja ndiyo imenigusa zaidi. Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967. Jengo lipo, meza zipo, ulinzi upo. Sioni ugumu wa kuacha ukumbi mmoja wazi hadi saa nne usiku, ukawekewa soketi za kutosha na intaneti ya uhakika, na sisi tukalipa ada ya siku. Mimi ningelipa bei ya kahawa mbili bila kunung'unika, na nadhani wengi humu mngelipa. Kama tunataka vijana wauze kazi zao nje na kuleta fedha za kigeni, ukumbi mmoja wenye taa si ombi kubwa.

Kwa hiyo naomba mchango wa vitendo sasa. Nani amewahi kuandika barua kwa maktaba ya mkoa au kaunti yake kuomba saa za usiku, na alijibiwa nini? Aiweke hapa tuanzie hapo.