Wauza mashine za chumvi, acheni kuwadanganya wafuga taa

Wakuu, hili lazima lisemwe hadharani, maana samaki wanakufa na pesa za watu zinateketea. Kuna wauzaji hapa London wanaomshawishi kila mfuga taa wa maji baridi (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) anunue mashine ya kulainishia maji ya nyumbani, ile ya resini na chumvi, kwa ahadi kwamba maji yatakuwa laini kama ya Amazoni. Si kweli! Na fundi anayeifunga anajua si kweli.

Maji ya bomba ya London mengi hutoka kwenye mito inayolishwa na miamba ya chokaa. Ugumu wake kwa kawaida ni miligramu 250 hadi 300 kwa lita, yaani digrii 14 hadi 17 za kipimo cha Kijerumani (dH). Ukoko mweupe ulioganda kwenye birika la chai ndio huo. Mashine ya chumvi haipunguzi mzigo uliomo majini, inabadilishana tu: inashika kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu. Kwa kila miligramu 100 za ugumu unaingiza takriban miligramu 46 za sodiamu. Maji yenye 270 yanatoka na sodiamu kama 124 zaidi katika kila lita. TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) haishuki, KH (kaboneti zinazozuia pH isiyumbe) haiguswi, pH (kipimo cha uasidi) inabaki kulekule juu.

Mchezo wao uko kwenye kipimo cha matone. Muuzaji anapima GH (ugumu wa kalsiamu na magnesiamu; tone moja ni digrii moja), tone la kwanza tu maji yanakuwa kijani, yaani laini, mteja anafungua pochi. Mwambie apime KH papo hapo. Atadondosha matone kumi na mbili hivi kabla bluu haijawa njano, sawa kabisa na maji yaliyotoka bombani.

Ubaya wa sodiamu hiyo uko hapa: taa wa baharini hubakiza urea kwenye damu na ana tezi ya kutolea chumvi. Taa wa maji baridi kama motoro, na leopoldi wa mto Xingu kule Brazili, uwezo huo wameupoteza. Ile tezi imesinyaa na haifanyi kazi. Hawa ndio mnaowamwagia chumvi kwa jina la kulainisha? Motoro aliyezaliwa tangini huvumilia maji magumu kiasi mradi yasiyumbe, kwa hiyo wako watu waliouziwa dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Anayetaka maji laini kweli atumie mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi na madini, kisha achanganye na maji ya bomba. Tangi la lita 2,000 likibadilishwa asilimia 30 kwa wiki ni lita 600. Lita 400 za RO na 200 za bomba zilizoondolewa klorini zinakupa KH karibu 4 na GH karibu 5. Panatosha. RO tupu msiiweke. Taa anakula sana na kuchafua sana. Bakteria wanaogeuza amonia hula karibu miligramu 7 za KH kwa kila miligramu moja ya nitrojeni. KH ikiisha, pH inaporomoka chini ya 6, bakteria wanazubaa, amonia inajaa. Halafu mtu akishtuka na kumwaga maji ya bomba kwa wingi, pH inaruka na amonia ile inakuwa sumu kali kwa dakika chache. Ukingo wa mwili wa taa unaanza kujikunja kwenda juu kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, na akifika hapo wengi hawarudi.

Wauzaji wa RO nao wana yao. Mashine ya "galoni 400 kwa siku", kama lita 1,500, imepimwa kwa maji ya nyuzi 25. Maji ya bomba ya nyuzi 8 wakati wa baridi yanakupa karibu nusu tu, na presha ikiwa ndogo bila pampu inapungua tena. Maji mengi ya London yana kloramini: weka kichujio cha uchafu cha mikroni 5, kisha vichujio viwili vya mkaa, maji yapite polepole. Mkaa ukivunja kloramini unaacha amonia, na kwenye pH ya juu sehemu yake hupenya utando wa RO kama hewa, wala kipimo cha TDS hakiioni. Pimeni amonia kwenye maji ya RO yenyewe. Ikionekana, ongezeni resini ya DI (inayonasa chumvi zilizobaki) mwishoni. Na maji hayo yasipite kwenye bomba la shaba, kwani maji laini hula shaba na taa haimudu.

Kuhama kutoka maji magumu kufanyike kidogo kidogo. Anzeni na mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa wiki kadhaa, KH isishuke zaidi ya digrii mbili kwa badilisho moja.

Waliokwisha kuuziwa mashine ya chumvi wasiitupe. Mahali pake ni kabla ya RO. RO hutoa maji safi na mengine ya kumwaga yenye madini yaliyozuiwa; ukimwaga lita moja kwa kila lita unayopata, ugumu kwenye maji ya kumwaga unakuwa maradufu, digrii 30 na zaidi, na chokaa inaganda kwenye utando. Resini inazuia hilo, na sodiamu yake utando unaikamata karibu yote. Ila lile bomba la lita 200 za kuchanganyia lichukuliwe kabla maji hayajafika kwenye chumvi.