Tupeane uzoefu: kaskazi imeingia, nyumba umeianzia wapi?

Mwenye uzi (Langoni, Lamu)

Assalamu alaikum jamaa. Kusi imekata, vuli imeshachoka, na tangu wiki jana upepo umegeuka. Tuna miezi mitatu, minne ya jua kabla masika haijatukuta Aprili. Kila mwenye nyumba huku anajua hii ndiyo miezi ya kumshika fundi, kwa hiyo tupeane uzoefu. Mimi naanza na aibu yangu.

Nyumba ni ya marehemu babu, mawe ya matumbawe na chokaa, kuta unene wa dhiraa moja. Ukuta wa chumba cha chini ulikuwa ukipukutika unga, kila asubuhi unafagia. Nikaona nimalize kazi: nikaleta simiti, ukuta wote ukapigwa plasta, ukawa laini hata inzi anateleza. Watu wakaja kunipongeza. Masika moja tu ikapita. Kwanza chumvi nyeupe ikachanua kama ukungu wa mkate, kisha rangi ikavimba, kisha plasta yenyewe ikaachana na ukuta. Ukiigonga inalia kama debe tupu. Nilipoibandua ikaondoka na chokaa ya babu, na mawe mengine yakaja nayo. Kidaka kimoja, kile kishubaka cha ukutani, kimekwenda hivyo, na nakshi yake.

Babu alikuwa na neno lake kwa Kiamu, "mai yakishayua ndia", yaani maji yakishajua njia. Hakuwa akiimalizia. Sasa nimejua kwa nini.

Fundi wa Matondoni

Wa alaikum salaam ami. Usijilaumu peke yako, nusu ya kazi ninazoitiwa mjini ni kubandua simiti ya mwenzangu.

Kuta zile zimekaa juu ya udongo bila kizuizi chochote, hivyo unyevu unapanda siku zote. Chokaa huuachilia ukatoka taratibu, ndiyo maana ule unga. Unga si ugonjwa, ni ukuta unapumua. Ukiuziba kwa simiti unyevu haufi, unatafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo inajikusanya nyuma ya plasta mpaka inaisukuma. Tena simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe la matumbawe, kwa hiyo ikivunjika huvunja na jiwe. Kuta za Gede, yale magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, zilijengwa bila simiti na bado zimesimama.

Jambo la pili ni mchanga. Usikubali wa pwani kwa kuwa uko karibu. Una chumvi, unajiwekea maradhi mwenyewe. Mlipe mwenye punda akuletee wa bara, na kama huuamini uoshe kwa maji matamu.

Lakini msidanganyike na jua. Chokaa hukazana kwa hewa, polepole. Ukiipiga saa saba ya mchana mwezi wa Februari itakauka juu tu na kupasuka kama tope la bwawani. Mimi hupiga alfajiri, natundika magunia mabichi mbele ya ukuta, naurushia maji asubuhi na jioni siku kadhaa. Na nataka niwe nimemaliza wiki nyingi kabla ya mvua. Ukinipigia simu Machi nitakuambia tungoje mwakani.

Bi wa Mkomani

Mimi yangu ni boriti, ile miti ya mkoko inayobeba dari. Dari ilionekana nzima, boriti zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi kama kawaida, wageni wanapiga picha. Siku moja nikaona doa la maji pembeni, dogo kama sahani ya kikombe. Nikachukua kisu cha jikoni nikadunga ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Kikazama mpaka mpini. Boriti nne zilikuwa zimeoza kichwani na katikati ziko ngumu kama chuma. Mkoko huozea pale usipopaona.

Sababu? Mlizamu wa juu, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua, uliziba. Majani, manyoya ya kunguru, na mpira wa mtoto wa jirani. Maji ya masika mbili yakasimama kwenye sakafu ya juu, yakapata ufa, yakaenda zake mpaka ukutani.

Tena bahati yangu ilikuwa mbaya. Ilikuwa 2018, serikali imepiga marufuku ukataji wa miti tangu Februari, na mikoko ya huku ikaingia humo humo. Miezi chungu nzima nililala chini ya dari iliyoegemezwa kwa magogo, nikiingia chumbani nainama kama naingia kwenye jahazi.

Sasa kila kaskazi ikiingia, kabla sijamwita fundi, napanda juu na ndoo tatu za maji. Namwaga, natazama yanakwenda wapi. Mwanangu anasimama chini ya mlizamu. Akisema "mama, hayaji", tunajua kazi ya mwaka imeanza.

Mgeni wa Kizingitini

Na mchwa je?

Fundi wa Matondoni

Mchwa hufuata unyevu. Ziba mvujo kwanza, ndipo uzungumze dawa. Na usirundike mbao kuukuu ukutani, unamkaribisha.

Mwenye nyumba Malindi

Sisi huku wengi ni makuti. Nilijenga banda la wageni uani nikabana matumizi: paa nikalilaza kidogo ili nipunguze miti, na makuti nikayaachia nafasi pana. Mwaka wa pili lilikuwa linavuja kama chujio la tui. Mzee mmoja aliyenishonea makuti mapya alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia makuti hayazuii maji, yanayakimbiza tu, kwa hiyo paa lisiposimama wima maji yanapata muda wa kuingia. Tukainua mteremko, tukayabana karibu karibu. Gharama mara mbili, na banda ni lile lile.

Kaskazi hii kazi yangu ni kupanda na kutazama yaliyofumuka kwa upepo wa kusi, kubadilisha kamba zilizooza, na kuwahamisha popo kwa adabu. Pia nimehamisha jiko la mkaa. Makuti yakikauka hivi hayangoji cheche ya pili.

Mwenye matofali, Wiyoni

Jamani, mnaisema simiti kama jini. Nyumba yangu ni ya matofali ya simiti, plasta ya simiti, haina neno. Chokaa ni ya wenye subira na wenye pesa.

Ila nakiri moja. Slabu ya choo tuliikoroga kwa maji ya kisima cha chumvi, maana matamu yalikuwa mbali. Nondo zimeshika kutu, zimevimba, na simiti inadondoka vipande juu ya kichwa cha anayeoga. Mama mkwe haogi tena kwangu.

Mwenye uzi (Langoni, Lamu)

Ndugu yangu wa Wiyoni, umejijibu mwenyewe 😂 Kwa matofali simiti ni mwenziwe, sikatai. Kwenye mawe ya kale ndiyo tunaipeleka isikotakiwa.

Mama wa Shela

Mmesahau maji ya ndani. Watu hutazama mvua tu, na kaskazi ndiyo tunajaza mapipa kwa kuogopa ukame. Mimi nilikuwepo 2004 homa ya Chikungunya ilipoingia Lamu. Haikuwa mwaka wa mvua, ulikuwa ukame. Watu waliweka maji majumbani siku nyingi bila kuyamwaga, na mbu wakazaliana humo humo chumbani. Waliopima baadaye walikadiria robo tatu ya watu wa mji walishikwa. Mimi nilikuwa nashuka ngazi kwa makalio, viungo vimegoma.

Wazee wetu birika la choo waliliwekea visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Tukaleta mapipa ya plastiki, samaki tukawasahau. Kwangu kaskazi huanza kwa mifuniko: tangi, pipa, hata mtungi. Lisilo na mfuniko lafungwa kitambaa, na kila wiki lasuguliwa ndani, maana mayai hugandamana ukutani.

Mwenye uzi (Langoni, Lamu)

Ahsanteni sana. Nimepanda juu leo na ndoo za Bi wa Mkomani. Milizamu miwili inatoa, wa tatu umetoa kidogo ukanyamaza. Nimeingiza mkono nikatoa kandambili. Si yetu.

Fundi, njoo Jumatatu na boti ya asubuhi. Mchanga wa bara tayari uko uani, punda wameufikisha jana. Na kwa wenzangu wa mji wa kale: ukuta wa nje msiuguse kabla ya kuwauliza watu wa hifadhi, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na jirani yangu amebomolewa kibaraza akakijenge upya.

Kuna yeyote anayejua fundi wa nakshi za vidaka ambaye hajastaafu?