Mama yuko kwenye kemo, chembe nyeupe zimeshuka. Nimpe unga wa mlonge?

Kitindamimba: Habari zenu wadau. Mama ana saratani ya titi, anapata kemo kila baada ya siku 21: ile dripu nyekundu pamoja na saiklofosfamidi. Juzi tulikwenda kwa dripu ya tatu, akapimwa damu, tukarudishwa. Chembe nyeupe ziko chini, asubiri wiki. Alilia njia nzima kwenye daladala. Jirani katuletea kopo la unga wa mlonge, eti linapandisha kinga haraka. Mama analitaka. Halina hata lebo. Nisaidieni.

MkulimaMoro: Mpe. Mlonge umejaribiwa kwa panya waliopewa saiklofosfamidi hiyo hiyo, chembe nyeupe zikapanda. Si maneno ya vijiweni.

NesiWaZamu: Mkuu, majaribio hayo yapo, sikatai. Lakini ni panya wa maabara, na kipimo walichopewa kinajulikana. Saiklofosfamidi huingia mwilini ikiwa imelala, ini ndilo linaloiamsha. Kuna mitishamba inayoligusa ini hilo hilo, dawa ikazidi makali au ikapooza. Halafu unga ulioanikwa juani hubeba ukungu na vijidudu. Mimi na wewe tutaharisha siku mbili yaishe. Asiye na chembe nyeupe anaweza kupoteza maisha.

Dada, nunua kipimajoto leo. Chembe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Homa ikifika 38, hata saa nane usiku, mpeleke hospitali. Usimpe panadol ukangoja kukuche. Na muulize daktari kuhusu filigrastimu, sindano inayouhimiza uboho utengeneze chembe nyeupe.

BibiWaTanga: Pole mwanangu, mie nimepita humo humo. Yale maua ya rangi ya waridi yanayoota makaburini, ambayo watu huchemsha majani yake kutibu kisukari, watafiti wa Kanada waliyajaribu kwa panya miaka ya 1950. Sukari haikushuka, zilishuka chembe nyeupe! Hapo ndipo ilipopatikana vinblastini, nayo ni dawa ya kemo. Sasa kopo lisilo na lebo, utajuaje limesagiwa nini? Mpikie mchicha uive vizuri, mayai yaive hadi kiini, maji yachemke.

Kitindamimba: Asanteni sana. Nimemwambia mama kopo tunakwenda nalo kliniki Jumatatu, daktari aseme mwenyewe. Kakubali, ila kanuna kidogo. Kipimajoto nimenunua: 36.8.