Nilimchagulia mwenzangu mchezo wa Olimpiki, sasa hanisemeshi. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linanikera rohoni tangu juzi. Nikiwa nimekosea, niambieni wazi.

Ofisini tupo sita chumba kimoja, kazi yetu mahesabu. Mwisho wa mwezi vichwa huwa vinawaka moto, kwa hiyo tukikaa kula mchana tunatafuta mada ya kupumzisha akili. Juzi mmoja akauliza: ukipewa leo jezi ya taifa uende Olimpiki, ungeshiriki mchezo gani?

Mada ilinoga kweli. Tuna kijana mgeni, mkimya sana, tangu aje sijui kama tumewahi kusikia sentensi zake tatu mfululizo. Akasema yeye angekuwa mshika usukani kwenye mashua ya makasia ya watu wanane. Tukamuuliza kwa nini. Akasema wale wanane wote wameligeuzia mgongo lango la kumalizia, yeye peke yake ndiye anayeona wanakokwenda. Hapigi kasia hata moja, anaongoza na kuwahesabia mdundo, na timu ikishinda naye anavishwa medali. Nikamtazama upya yule kijana. Mkuu wetu wa kitengo, ambaye hayuko mbali na kustaafu, akachagua kulenga shabaha kwa bastola, akatukumbusha Yusuf Dikeç wa Uturuki aliyepata medali ya fedha Paris 2024 akiwa na miaka 51.

Ikafika zamu ya dada mmoja tunayekaa naye meza za jirani mwaka wa tatu sasa. Ni mtu wa mwili. Akaweka kijiko chini, akafuta mdomo, akavuta pumzi kama mtu mwenye neno alilolipanga. Kabla hajalitoa nikadakia: "Wewe ni tufe tu, nani atakuweza!" Watu wakacheka. Na yeye akatabasamu. Kisha akachukua kifuniko cha chombo chake cha chakula, kikagoma kuingia upande mmoja, akakibonyeza kwa kiganja mara mbili, akainuka. Hakuwa amemaliza hata nusu.

Tangu siku hiyo ni salamu na kazi. Zamani alikuwa ananigeuzia skrini, "kaka hebu nitazamie hapa", sasa ananiandikia baruapepe na tumeachana hatua mbili. Ile pumzi aliyovuta hainitoki kichwani. Nimwombe radhi vipi? Pembeni, au mbele ya walewale waliocheka? Au nikae kimya lipite lenyewe?

Kibatari:
Mkuu, kaa kimya. Wiki mbili litasahaulika. Ukilifukua unalifanya kubwa.

Mama Wawili:
Kibatari, halisahauliki. Nawaambia kama mtu niliyetaniwa mwili tangu darasa la tatu, mpaka leo nakumbuka nani alisema nini na alikuwa amesimama wapi. Mtu akikaa kimya tunahesabu kwamba alimaanisha.

Mleta mada, angalia jambo moja. Wenzako wote waliulizwa, wakajibu, wakaulizwa na kwa nini. Yule dada peke yake ndiye aliyejibiwa. Kijana mkimya mlimpa nafasi mkamjua upya, umesema mwenyewe. Yeye mlimnyima nafasi hiyohiyo. Huo utani wa mwili unauma, ndiyo, ila mimi ningeumia zaidi na hilo la kukatwa kauli.

Mzee wa Duara:
Nimetupa tufe miaka tisa, ngazi ya chuo na baadaye klabu, kwa hiyo mniruhusu niutetee mchezo wangu kwanza. Watu wanadhani tufe ni unene. Tufe la wanawake lina kilo 4, la wanaume kilo 7.26, na unalitupa ukiwa ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135. Ndani ya nafasi hiyo unajizungusha kwa kasi, tufe limeshikamana na shingo, nguvu inatoka mguuni inapanda kiunoni ndipo ifike mkononi, halafu ujizuie usitoke mbele, maana ukikanyaga nje mtupo umefutwa. Ni mchezo wa miguu na mizani ya mwili. Valerie Adams wa New Zealand alileta medali kutoka Olimpiki nne mfululizo, mbili zikiwa dhahabu. Paris 2024 Yemisi Ogunleye wa Ujerumani alichukua dhahabu kwa mtupo wake wa mwisho kabisa, mita 20.00. Ukiwatazama watu hao wakizunguka hutasema tena "tufe tu".

Sasa sikia, mdogo wangu. Haya niliyoandika usiende kumwambia yule dada. Najua utashawishika, useme "lakini tufe ni mchezo mzuri, nilikuwa nakusifu". Hukuwa unamsifu. Ulitazama mwili wake, na yeye anajua.

Chozi la Mshumaa:
Mleta mada, mpaka leo unajua alitaka kujibu nini?

Mleta mada:
Hapana. Sijui. Na swali lako limenichoma kuliko yote.

Chozi la Mshumaa:
Basi anzia hapo. Mfuate akiwa peke yake, maana ukimwombea radhi mbele ya watu unamlazimisha akusamehe papo hapo asionekane mbaya. Sema ulichofanya kwa jina lake: nilikukatiza na nikakutania mwili wako mbele ya watu, nisamehe. Usiweke "kama nimekukwaza". Ukishasema, nyamaza. Kuhusu wale waliocheka, muulize yeye anataka nini, usimpangie tena.

Kibatari:
Narudisha kauli yangu. Mama Wawili, pole kwa yaliyokukuta.

Mleta mada (MREJESHO):
Wakuu, asanteni. Nilimsubiri jana jioni wenzetu walipotoka. Nikasema kama Chozi alivyonielekeza, sauti ikanikwama katikati. Akakaa kimya muda, akizungusha kalamu. Akaniambia, "Kaka, tufe halikuniuma. Nilikuwa nimejipanga kusema kitu, na wewe ulikuwa wa kwanza kucheka kabla sijakisema." Nikamuuliza kama angependa niombe radhi mbele ya wote. Akakataa, hataki mwili wake uwe kikao cha pili. Akasema, "Nirudishieni swali langu tu."

Leo mchana nikasema kuna mtu hakupata zamu yake, nikaweka kijiko chini, nikafunga mdomo. Chumba kikatulia. Akasema: kutembea kwa kasi, kilomita 20.

Kumbe kila jioni anarudi nyumbani kwa miguu na anaupima muda wake. Akatueleza kwamba wanawake waliingizwa kwenye mchezo huo Barcelona 1992 kwa kilomita 10, na tangu Sydney 2000 wakaenda 20. Yang Jiayu wa China alishinda Paris 2024 kwa saa 1, dakika 25 na sekunde 54. Mimi mtu wa hesabu nikapiga harakaharaka: kila kilomita chini ya dakika nne na nusu, na hajakimbia hata hatua moja! Akasema wengi huucheka mchezo huo kwa jinsi viuno vinavyokwenda, ndiyo maana siku ile alihitaji kuvuta pumzi kwanza.

Hakucheka mtu. Mkuu wa kitengo akauliza waamuzi wanajuaje kwamba mtu amekimbia. Akajibu wanatazama kwa macho yao: mguu mmoja lazima uonekane ukigusa ardhi muda wote, na goti la mguu wa mbele liwe limenyooka tangu unapogusa chini mpaka mwili upite juu yake. Kijana mkimya akasema hilo la goti hajalielewa.

Dada akasukuma kiti, akaja katikati ya meza, akavua viatu. "Tazameni goti, msitazame kiuno," akasema, akaanza kutembea kuelekea kwenye kabati la mafaili.