Naongoza kwa chipu na kesho tunamalizia: nishambulie au nitulie?

Mshika Usukani:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninacheza shindano la poka hapa Nairobi. Tulianza watu 48, kila mmoja na chipu (sarafu za mchezo) 25,000, na usiku huu tumefunga tukiwa 7. Ninazo 430,000, anayenifuata ana 390,000, na watano waliobaki wana 680,000 kwa jumla. Dau kubwa la lazima limefika 10,000. Wanaolipwa ni 6 tu, kwa hiyo atakayetoka wa kwanza kesho ataondoka mikono mitupu. Je, nishambulie au nitulie? Sijapata hata lepe la usingizi.

Hesabu Kali:
Shambulia, ila chagua wa kumshambulia. Mwenye chipu za wastani ndiye mwoga, kwa kuwa anamwona mwenzake aliyeishiwa na anangoja huyo atoke kwanza. Ukimpandishia dau, atatupa hata ree. Aliyebakiwa na chipu za kuhesabika usimchokoze bila karata nzuri, maana atakuja na chochote. Huyo wa 390,000 mkwepe, kwani ndiye pekee anayeweza kukuacha na 40,000 kwa mchezo mmoja. Lakini haya anayajua kila aliyefika meza ya mwisho. Huyo wa pili ni nani?

Bi Mkubwa wa Likoni:
Mwanangu, kamari ni kamari hata ukiipigia hesabu. Marehemu mume wangu alianza kwa karata za kahawa barazani, akaishia kuiweka rehani cherehani yangu.

Mshika Usukani:
Pole, mama. Huyo wa pili ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tumeafikiana kugawana zawadi nusu kwa nusu na tusiumizane mezani. Sioni dhambi, kwani kiingilio tulichanga pamoja. Jioni nilimwachia dau nikiwa na jozi ya kumi, ingawa mezani palikuwa na karata ndogo tupu: mbili, tano na saba. Jirani yangu alinitazama kwa muda mrefu, huku akigonga chipu zake moja juu ya nyingine.

Hesabu Kali:
Hapo si ushauri wa poka unaouomba. Kuachiana ni kosa linaloweza kukufanya uondolewe shindanoni.

Msafiri wa Usiku:
Na kugawana nako kuna yake. Mwaka 2006 mcheza poka Jamie Gold aliingia meza ya mwisho kule Las Vegas akiwa na chipu nyingi kuliko wote, akashinda dola milioni 12, kisha akashtakiwa na mtu aliyedai kuahidiwa nusu. Nanyi mmeandikiana?

Chachu:
Akimfilisi shemeji, chakula cha jioni atakula kwa jirani.

Karani Mstaafu:
Ninyi mnashauri hadithi. Watu 48 kwa 25,000 ni chipu 1,200,000, lakini zake, za shemeji na za hao watano ni 1,500,000. Hizo 300,000 zimeshuka kutoka mbinguni?

Mshika Usukani:
Mzee, watu 12 walifilisika mapema wakalipa kiingilio upya. Piga hesabu tena.

Karani Mstaafu:
Hesabu imekubali. Ila mtu anayekumbuka hilo saa hizi alisahauje kumtaja shemeji tangu mwanzo?

Mshika Usukani:
Nilijua mtakachosema. Tunaanza saa nane mchana, na sasa hivi amenitumia ujumbe kuniuliza kama bado tuko pamoja. Sijamjibu.