Dumu la mawese: mbona sufuria inatakata, plastiki inabaki na utelezi?

Mgaweseni_Ujiji: Wakuu, naosha madumu ya lita 20 yaliyobeba mawese, nataka kuyauza kwa watu wa maji ya kunywa. Natumia maji ya ziwa, sabuni ya mche na changarawe. Sufuria ya chuma inatakata, dumu bado linateleza na kunuka. Kosa ni sabuni au plastiki?

FundiSabuni: Vyote, na baridi juu yake. Mawese chini ya nyuzi 35 hivi yanaganda ukutani kama samli, na sabuni haing'oi kilichoganda. Weka maji ya nyuzi 55. Yakichemka dumu litajikunja.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zikijipanga kwenye mpaka wa mafuta na maji, mvutano kati ya mafuta na maji unashuka, maji yanapenya pembeni mwa tone. Tazama ndani ya sufuria: tone lililolala kama chapati linajikunja kingo, linakuwa gololi, ukitikisa linang'oka zima. Chuma kinakubali maji. Plastiki inapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo tone linarefuka shingo, linakatika, na kisehemu kinabaki kimeganda palepale. Ndiyo maana dumu linadai raundi ya pili, kwa sabuni mpya.

MtuWaZiwa: Mkuu, hiyo sabuni ya mche ndiyo inayokuangusha. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini ya magnesi kwa wingi. Inashikana na sabuni, unapata utando mweupe unaobandika uchafu upya. Chukua maji ya mvua, au sabuni ya unga. Kijiko cha chai kwa lita, lita 2 kwa dumu, acha dakika 15, tikisa, mwaga yakiwa bado ya moto. Yakipoa humo, mafuta yanarudi ukutani. Kuzidisha sabuni hakushushi mvutano zaidi, na povu si kipimo cha chochote. Changarawe achana nayo, mikwaruzo ndiyo maficho ya mafuta.

Mgaweseni_Ujiji: Shukrani. Kostiki soda je? Na nitajuaje limetakata?

FundiSabuni: Kostiki kwenye plastiki inavumilika, ila isiguse sufuria ya alumini: inaila na kutoa hidrojeni. Kwenye chuma, maji safi yakitandaa bila kukatika, pametakata. Kwa dumu kipimo hicho hakifai, hata plastiki mpya maji yanajikusanya matone. Pitisha karatasi nyeupe kavu, ukiona wekundu bado halijatakata.

MtuWaZiwa: Harufu ikibaki, mafuta yameshazama ndani ya plastiki yenyewe. Hilo uza kwa wa mafuta ya taa, la maji ya kunywa hapana.